Maili Kumi na Moja Kabla ya Kushika Kii

Kwa muda wa miezi mitano, mtu mmoja wa Gilgil ambaye sikupata kumwona uso mpaka leo alijua kila asubuhi kama nimelala mjini au nimekuja kazini kwa baiskeli. Hakuhitaji kuambiwa. Niligonga salamu ya kwanza kutoka Nakuru, naye, maili ishirini na kitu kutoka nilipokaa, alisikiliza herufi nne au tano tu, kisha akajibu: LEO UMEENDESHA.

Nilistaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie jinsi kazi ya telegramu ilivyokuwa kabla ya mashine hizi zinazochapa zenyewe, na hasa wanataka kujua kuhusu vyombo. Vyombo nitavieleza. Lakini kila nikianza na kile chombo najikuta nimefika kwenye baiskeli, na baiskeli haielezeki bila mke wangu. Waniwie radhi.

Niliingia ofisi ya Nakuru katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha mafunzo na viatu vya kaka yangu. Siku ya kwanza sikuruhusiwa kugusa chochote. Niliwekwa kwenye kiti karibu na Mzee Athumani, mtu wa mtaa wa Bondeni hapo mjini ambaye wazazi wake walitoka pwani kufuata kazi za reli. Alikuwa amekalia meza ileile miaka mingi hata mbao ilikuwa imelika mahali anapowekea kiwiko. Mbele yake palikuwa na kii, yaani kijiti cha shaba chenye kidonge cheusi, cha kubonyeza na kuachia. Kando yake kilikuwapo chombo cha kupokelea, ambacho kililia kwa sauti ndogo kama kuku anayedonoa sahani. Ili kisikike vizuri, Mzee Athumani alikuwa amekichomekea kopo tupu la tumbaku kwa nyuma. Mkubwa wa ofisi, Mzungu aliyependa usafi, aliliondoa kopo lile kila Ijumaa. Mzee Athumani alilirudisha kila Jumatatu. Hawakuwahi kulizungumzia.

"Unasikia nini?" Mzee Athumani aliniuliza.

"Gilgil anaita."

"Gilgil ni mji, mwanangu. Mji hauna mdomo. Nani anaita?"

Nikainamia chombo, nikasikiliza tena.

"Ebo! Na cheti unacho. Huyu ni OT. Msikie anavyochelewa kidogo kwenye nukta ya mwisho, kama mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe mtoto. Ukishamjua mtu kwa mkono wake, utamsikia hata mvua ikipiga mabati."

Hilo ndilo lililokuwa somo langu la kwanza, na ndilo lililonifaa kuliko yote. Kila mpiga telegramu alikuwa na mkono wake, na alitia sahihi kwa herufi mbili. Watu walifanya kazi pamoja miaka kumi bila kuonana, lakini mmoja akiwa na homa, mwenzake wa upande wa pili alijua kabla ya mke wake. OT nilimjua kwa herufi hizo mbili tu. Yeye alinijua kwa mkono wangu.

Sasa baiskeli.

Nilizaliwa katika shamba la Mzungu upande wa Njoro, ambako baba yangu, Mnyore wa magharibi aliyehamia huko, alikuwa akiendesha mkokoteni wa ng'ombe. Nilioa hukohuko. Mke wangu, Rasoa, alikuwa mchumaji wa pareto, na nyumba yetu kwenye laini za vibarua, yaani safu za vibanda vya wafanyakazi, ilikuwa yetu kwa sababu ya mikono yake. Akiacha kuchuma, nyapara huleta watu wengine mle ndani kabla ya juma kwisha, mahindi yako yangali shambani. Mjini nako, kijana wa ofisi alipewa kitanda katika chumba cha makapera wanne. Mke aliruhusiwa kuja kusalimu na kuondoka.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa nikiwa mafunzoni. Aliishi siku tisa. Barua ilinifikia siku ya kumi na mbili. Rasoa alimzika pamoja na wanawake wa laini, ukingoni mwa mahindi yetu, na nilipofika nilionyeshwa mahali. Hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba wanawake walikuwa wakimwuliza kama kuna mtu wa kusubiriwa, naye hakujua la kuwajibu.

Kwa hiyo, nilipopata kazi Nakuru, naye akaniambia kwamba yuko na mimba tena, aliongeza ombi moja.

"Enosi, mimi sikuzuii kazi. Lakini usiku nataka kukusikia ukikoroma."

"Mimi sikoromi."

"Unakoroma kama lori la maziwa likipanda Mau. Ndiyo maana nataka."

Niliketi nikafanya hesabu nyuma ya fomu ya telegramu. Kutoka shambani hadi ofisini ni maili kumi na moja. Asubuhi ni mteremko mrefu, jioni ni mlima. Zamu inaanza saa moja na nusu. Na kwa kuwa zilikuwa siku za Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau, lango la shamba lilifungwa usiku kucha, na askari hakulifungua kabla ya saa kumi na mbili kamili. Siwezi kutoka mapema zaidi. Zamu ya mchana haisaidii, maana jioni lango litafungwa ningali njiani. Baiskeli kuukuu ya kununua ipo, ina karia imara na breki ya mbele peke yake. Mvua za Aprili zitageuza barabara kuwa uji. Upande wa kushoto wa karatasi uliojaa sababu za kulala mjini ulifika chini kabisa. Upande wa kulia ulikuwa na mstari mmoja.

Mzee Athumani aliisoma karatasi ile juu ya bega langu.

"Hii si hesabu," alisema. "Umeshaamua. Unatafuta tu karatasi ikugombeze."

Akaniambia pia kwamba nyumbani kwake Bondeni kuna chumba kitupu, cha binti yake aliyeolewa, na kwamba mkewe, Bi. Mwanaidi, haulizi mtu kibali cha kukaa mjini. Nilimshukuru. Nilijua Rasoa hataliacha kaburi lile kwa wageni.

Nikaanza kuendesha.

Wanaodhani mteremko ni raha hawajaushuka kwa breki moja kwenye barabara ya udongo wa murramu yenye matuta kama ubao wa kufulia. Nilivaa koti la baba juu ya sare, gazeti kifuani dhidi ya baridi, na vibanio vya nguo kwenye suruali. Nilipita mashamba ya ngano yenye umande, nikasalimiana na wabeba maziwa, nikaonyesha kipande changu cha kitambulisho kwenye kizuizi cha askari. Kisha mlima Menengai ukaonekana, na chini yake paa za mji, na ziwa lenye ukingo wa waridi kwa ndege heroe. Nilikuwa nikifika saa moja na dakika kumi na tano hivi, mweupe kwa vumbi kama fundi wa chokaa. "Bwana Kinu amefika," makarani walisema. "Leo umesaga gunia ngapi?"

Uchovu wa miguu haukunisumbua. Mikono ndiyo iliyonisumbua. Ukishika usukani unaotetemeka kwa zaidi ya saa nzima katika baridi, vidole haviachi kutetemeka kwa sababu wewe umeshuka. Kii ile ilitaka mkono mwepesi na tulivu, na wangu kwa dakika ishirini za kwanza ulikuwa kama wa mlevi. Nukta tatu zilitoka nne. Nilijaribu maji ya moto, nilijaribu kwapa, nilijaribu kukalia viganja. Mzee Athumani alinitazama nimekalia viganja vyangu akasema, "Hata kuku huatamia kitu."

Asubuhi ya tatu OT aligonga: MKONO WAKO UNA NINI.

Nikamwambia: BAISKELI. MAILI KUMI NA MOJA.

Akauliza: KWA NINI.

Nikagonga: MKE.

Kisha akagonga: BASI MIMI NITAANZA.

Ndivyo mpango wetu ulivyoanza, na haukuwa katika kitabu chochote cha kanuni. Kawaida Nakuru, kama ofisi kubwa, ndiyo iliyotuma kwanza. OT alikuwa akiniuliza UNA CHA HARAKA, nami nikijibu HAKUNA, alianza yeye kunitumia zake zote, polepole, moja baada ya nyingine. Mimi niliandika tu kwa penseli. Penseli husamehe. Zikiisha, aligonga habari za mvua ya Gilgil, au za mbuzi aliyeingia ofisini kwake akala fomu, mpaka dakika ishirini zikapita na mikono yangu ikarudi kuwa yangu. Hapo ndipo nilipoanza kutuma. Hakuna siku aliyosema kwamba ananisaidia.

Jioni niliupanda mlima, nusu kwa pedali, nusu kwa miguu. Rasoa alikuwa na maji ya moto tayari kwenye karai. Alinikalisha, akanikanda vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya maziwa, mikono yake mwenyewe ikinukia pareto. Mimba ilipokuwa kubwa nilimgongea mtoto salamu juu ya tumbo kwa kidole, kama ninavyoiita Gilgil. Mara moja akapiga teke.

"Anajibu," nikasema.

"Anajibu nini?"

"Sijui. Mkono wake bado siujui."

"Mimi najua. Anasema nenda ukaoge, unanuka vumbi."

Sikumbuki miezi mingine ya maisha yangu ambayo nilichoka namna ile, wala ambayo nililala vizuri namna ile.

Ni lazima nieleze jambo moja la kazi ya Gilgil, ambalo vijana hawalijui. Si mashamba yote ya mbali yaliyokuwa na simu, na mpeleka telegramu hakuweza kuyamaliza kwa miguu. Kila shamba lilikuwa na mfuko wake wa turubai wenye kufuli, na lori moja liliizungusha mifuko hiyo kila asubuhi. Liliondoka ofisini Gilgil saa mbili kamili. Telegramu ya kibarua wa shamba ikiwahi mfuko, yuko nayo saa tatu. Isipouwahi, inalala mpaka kesho. Kwa hiyo lile swali la OT, UNA CHA HARAKA, halikuwa salamu. Lilikuwa lango.

Nami kwa miezi minne nilikuwa nikiitazama kulabu ya ukutani, iliyotungwa fomu zinazongoja kutumwa, kabla ya kujibu. Mwezi wa tano nikaanza kujibu kabla ya kutazama. Sikuamua kufanya hivyo. Mtu haamui kuzoea.

Asubuhi moja ya mvua nilifika nimechelewa, tope mpaka kiunoni. OT akauliza. Nikagonga HAKUNA huku nikifuta uso kwa mkono wa pili. Akaanza zake. Alikuwa na telegramu nyingi siku hiyo, na baadaye hadithi ya paa lake linalovuja. Saa mbili na dakika tano nilinyoosha mkono kuchukua fomu ya juu kulabuni.

Ilikuwa imeletwa jana yake jioni baada ya laini kufungwa, na dresa, yaani msaidizi wa matabibu, wa hospitali ya Nakuru. Ilikwenda kwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba lililo ng'ambo ya Gilgil. HALI YA MKEO MBAYA NJOO UPESI.

Nikaigonga. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa.

OT aliipokea yote bila kunikatiza. Kisha: MFUKO UMEONDOKA.

Kisha: SHAMBA HILO MAILI TISA.

Kisha: NAENDA. Na laini ikafa.

Mzee Athumani alikuwa amesikia kila nukta kutoka meza yake. Hakunikaripia. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaweka kiganja chake juu ya bega langu lililolowa, akasema kwa sauti ndogo, "Tuma zingine, mwanangu. Za Naivasha zinasubiri. Watu wa Naivasha nao wana wake."

Gilgil haikujibu mpaka saa saba mchana. Ilipojibu, nukta tatu zilitoka nne. Mistari ilikuwa mifupi, mingine mirefu kupita kiasi. Nilisikiliza herufi tano tu nikajua. Nikagonga: UMEENDESHA.

NIMEAZIMA YA FUNDI CHEREHANI, akajibu. HAINA BREKI KABISA. NIMEMPA MKONONI SAA NNE NA NUSU. AMEACHA NDOO AMEKIMBIA STESHENI. Garimoshi la asubuhi lilikuwa limeshapita. La pili lilikuwa la alasiri.

Jioni sikumficha Rasoa. Nilimweleza huku vidole vyangu vikiwa katika karai: kulabu, fomu, mfuko, mkamuaji. Aliacha kunikanda. Nilingoja aniambie kwamba si kosa langu, maana ndilo nililotaka kusikia. Hakuniambia.

"Yule mwanamke alikuwa na mtu wa kusubiriwa," alisema mwishowe. "Na mimi ndiye niliyemchelewesha."

"Si wewe. Ni mimi sikutazama."

"Hukutazama kwa sababu ulikuwa umechoka. Ulichoka kwa sababu nilitaka kukusikia ukikoroma." Akazikausha nywele zangu kwa kanga yake, taratibu, kama anayemkausha mtoto. "Kesho usirudi. Lala kwa Mzee Athumani."

"Na wewe?"

"Nipe siku mbili niage."

"Nyumba itachukuliwa."

"Nyumba ni ya udongo, Enosi."

"Na ukingoni mwa mahindi?"

Aliikung'uta kanga, akaitundika. Kisha akasema kwamba amekwisha kuzungumza na mama mmoja wa laini, ambaye naye alizika mtoto karibu na hapo, na kwamba atapanda maua ya pareto palepale ili jembe la mtu lisipite. Nikajua kuwa alikuwa ameyafikiria hayo siku nyingi, na kwamba alikuwa akinipa muda, asubuhi moja baada ya nyingine, bila kusema kwamba ananisaidia, kama OT.

Jumamosi tulishuka. Nilifunga kwenye karia godoro, sufuria tatu, karai na kuku mmoja kikapuni. Rasoa alikataa kupanda. Alisema hawezi kumkabidhi mtoto kwa breki moja. Tulitembea maili kumi na moja, mimi nikishika usukani, yeye akishika kiti, tukipumzika kila alipotaka, na wabeba maziwa wakitupungia. Tulifika Bondeni alasiri. Bi. Mwanaidi alimtazama Rasoa tumbo, akamtazama miguu, akanitazama mimi.

"Umemtembeza kutoka Njoro? Wanaume nyinyi mna akili za kuazima. Mwanangu, ingia ndani. Wewe baki nje na kuku wako."

Binti yetu alizaliwa katika chumba kile majuma matatu baadaye. Nilikuwa barazani, umbali wa hatua nne. Mzee Athumani alinipa penseli na karatasi nishughulishe mikono. Mtoto alipolia, tulitazamana, na yeye akaandika saa pembeni mwa karatasi, kama tulivyoandika saa ya kupokea kila telegramu.

Mimi na OT tulipata kila mmoja barua ya kututaka tujieleze: yeye kwa kuacha kii bila ruhusa, mimi kwa kuchelewesha. Niliandika ukweli wote, na mpango wetu nikauita wangu. Baadaye niliambiwa kwamba naye ameandika kwamba mpango ulikuwa wake. Tulionywa wote wawili. Alihamishwa mwaka uliofuata kwenda kituo ambacho laini yake haikufika kwetu.

Vijana, kabla ya kujibu HAKUNA, tazameni kulabu. Sina busara nyingine ya kuwaachia kuhusu kazi hii. Mliyo nayo sasa si kulabu, lakini mnanielewa.

Rasoa alipompeleka mtoto kupimwa hospitalini, nilifuatana naye kwa sababu yangu mwenyewe. Dresa mmoja, mtu wa kwetu, alikubali kunionyesha daftari la wodi. Jina la mke wa mkamuaji lilikuwamo. Alifariki siku ileile ya telegramu, saa kumi na robo alasiri. Garimoshi la alasiri kutoka Gilgil lilikuwa likifika Nakuru saa kumi kasorobo, na kutoka stesheni hadi hospitalini ni nusu saa kwa miguu, mtu asipokimbia wala kupata lori. Nilimwuliza dresa kama mume alimkuta. Hakuwa zamu siku ile, na aliyekuwa zamu alikuwa amehamia Kericho. Katika safu ya aliyeuchukua mwili hapakuandikwa jina. Palikuwa na alama ya kidole gumba kwa wino wa zambarau, kesho yake asubuhi. Walioingia wodini mgonjwa angali hai hawakuandikwa, kwa kuwa daftari lile halikuwa na safu ya wageni.